Bunduki iliyotumika Marekani: bei yake inatoka wapi, na watu wanapatanaje

Hili suala la Wamarekani kuuziana silaha wenyewe kwa wenyewe linawachanganya watu wengi sana na wala siwalaumu. Wengine wanaamini kule unauza bunduki kama unavyouza baiskeli, wengine wanaamini mtu binafsi akiuza tu ni jela moja kwa moja, na hata wale wanaoishi huko na silaha zao wanazo kihalali kabisa, wakifika kwenye bei wanapotea. Mtu ana raifoli ya marehemu baba mkwe kabatini anadhani ameshika hela ya kununulia gari, kumbe ni dola mia mbili tu, halafu mwingine anaachia kwa mia mbili kitu ambacho mkusanyaji angempa elfu mbili bila hata kubisha. Kwa hiyo ngoja tulifungue taratibu, tuanze na vitu vyepesi, tukifika kwenye kupatana bei utaona kwamba nusu ya kazi ilishafanyika kabla mnunuzi hajapiga simu.

Naongelea Marekani tu, manake sheria nitakazozitaja ni za huko na hazifanyi kazi popote pengine.

Kwanza tuelewane kuhusu bei zenyewe, sababu watu wakibishana mara nyingi kila mtu ana bei yake kichwani. Kuna bei ya kuomba, ile muuzaji anaandika kwenye tangazo, na hiyo mtu anaweza kuandika chochote anachojisikia. Kuna bei iliyouza, yaani hela iliyotoka mfuko mmoja ikaingia mfuko mwingine, na mi naona hii ndo bei pekee inayostahili kuitwa bei. Kuna bei ya duka kununua kwako, hii huwa chini sana na nitaeleza kwa nini siyo wizi. Halafu kuna bei ya kitu kilekile kikiwa kipya dukani leo, ambayo ndo dari, ukiipita hiyo kwa silaha ya kawaida utakaa na tangazo lako mpaka uzeeke.

Na maneno mawili ya watu: muuzaji binafsi ni mtu anayeuza mali yake mwenyewe, silaha aliyokuwa anatumia au aliyorithi. Muuzaji mwenye leseni ni yule mwenye leseni ya serikali ya shirikisho, wenyewe wanaiita FFL, anayefanya biashara ya silaha.

Nani anaruhusiwa kumuuzia nani

Hapa ndo penye uongo mwingi kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria kubwa ni Gun Control Act ya 1968, inasema ukitaka kufanya biashara ya silaha lazima uwe na leseni. Mwenye leseni akiuza, mnunuzi anajaza fomu namba 4473, halafu rekodi zake zinaangaliwa kupitia mfumo unaoitwa NICS unaoendeshwa na FBI, mfumo ulioanza kazi Novemba 1998 kutokana na sheria ya Brady ya 1993. Majibu huwa matatu: endelea, subiri, au amekataliwa.

Mtu binafsi anayeuza silaha yake kutoka kwenye mali yake hahitaji leseni, na kwa sheria ya shirikisho peke yake, akimuuzia mkazi wa jimbo lake hilohilo, halazimiki kupitisha uchunguzi huo. Sasa watu wanaishia kusoma hapo, wanafunga ukurasa, wanaenda kutangaza kwamba Marekani hamna sheria. Endelea kusoma. Sheria hiyohiyo inakataza kumuuzia mtu unayejua, au una sababu ya msingi ya kuamini, kwamba haruhusiwi kumiliki, mfano aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au aliyewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani, na pia mtu binafsi hawezi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 18. Mnunuzi akiwa mkazi wa jimbo lingine mauzo hayafanyiki mkono kwa mkono kabisa, lazima yapitie kwa mwenye leseni. Na juu ya hayo yote majimbo yana sheria zao, California tangu 1991 inataka mauzo ya watu binafsi yapitie kwa muuzaji mwenye leseni, Colorado na New York wakaja 2013, Washington 2014, Oregon 2015, na mengine yamefuata. Kwa hiyo swali la "inaruhusiwa?" halina jibu mpaka useme uko jimbo gani na mwenzako yuko jimbo gani.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba mwaka 2022 Bunge lilibadilisha maelezo ya nani anahesabika anafanya biashara. Zamani ilizungumzwa lengo la kujipatia riziki na faida, sasa inatosha lengo kuu liwe kupata faida ya hela kwa kununua na kuuza mara kwa mara. Yaani ukinunua bastola wiki hii kwa nia ya kuiuza wiki ijayo kwa bei ya juu, na ukawa na tabia hiyo, wewe siyo muuzaji binafsi tena hata kama unauzia sebuleni kwako. Anayepunguza mkusanyiko wake au anayeuza alichorithi hayuko kwenye kundi hilo. Nalisema hili kwenye makala ya bei kwa sababu mtu akishaonja faida moja nzuri huwa anataka ya pili na ya tatu, na hapo ndo anaingia mahali pabaya bila kujua.

Halafu kuna silaha za kundi la peke yake chini ya National Firearms Act ya 1934, kama bunduki za rashasha, sailensa, na raifoli zenye mtutu mfupi, hizo haziuzwi kwa kupeana mkono, lazima ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, waidhinishe uhamisho kwanza. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha vizuri sheria inavyotengeneza bei. Mwezi Mei 1986 orodha ya rashasha ambazo raia anaweza kumiliki ilifungwa, hamna mpya inayoongezwa, zilizopo ndo hizohizo zinazunguka, ndo maana rashasha moja iliyosajiliwa inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola wakati chuma chenyewe kuitengeneza siyo ghali hata kidogo. Unachonunua pale ni nafasi kwenye orodha.

Bei inaanzia wapi

Kwa silaha ya kawaida ambayo bado inatengenezwa, anza na bei ya mpya. Siyo ile kiwanda kinapendekeza, bei ambayo watu wanalipa kweli madukani, manake mara nyingi duka linauza chini ya pendekezo. Tuseme ni dola 500. Mnunuzi akinunua mpya kwenye jimbo lenye kodi ya mauzo ya asilimia 8 anatoka na 540. Ndani ya ile 500 tayari kuna ushuru wa shirikisho wa asilimia 10 kwa bastola au 11 kwa bunduki ndefu, unaolipwa na mtengenezaji, hela yake inaenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori kutokana na sheria ya Pittman-Robertson ya 1937. Kwa hiyo mtu anayeangalia yako analinganisha na 540 na siyo 500, hiyo faida kidogo iko upande wako, usiisahau mkianza kuongea.

Upande wake yeye anajiuliza: kwa nini nichukue iliyotumika, isiyo na uhakika, sijui imepiga risasi ngapi, wakati kwa kuongeza kidogo napata mpya? Hapo lazima umpe sababu, na sababu ni punguzo. Silaha ya kisasa iliyotunzwa vizuri, ikiwa na kasha lake na magazini zake zote (vile vibebeo vya risasi vinavyoingizwa kwenye silaha), mara nyingi watu huanza kuihesabia kwenye robo tatu mpaka asilimia 85 hivi ya bei ya mpya, halafu wanashuka kadiri hali inavyoshuka. Hayo ni makadirio ya haraka tu ya kukuweka kwenye njia, jibu lenyewe linatoka kwenye mauzo yaliyokwisha.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiangalie matangazo yaliyo wazi, angalia minada iliyofungwa. Tovuti kama GunBroker ukishajiandikisha unaweza kuona minada iliyokwisha na hela iliyofikiwa. Chukua modeli yako hasa, risasi ya saizi ileile, urefu wa mtutu uleule, hali inayofanana, angalia iliyouza miezi michache iliyopita. Toa iliyopita kiasi na iliyoanguka kiasi, angalia katikati. Tangazo ambalo limekaa miezi minne kwa dola 900 halikwambii kwamba kitu ni 900, linakwambia kwamba 900 hamna anayelipa, lakini watu kila siku wanachukua matangazo hayohayo wanasema "mbona wenzangu wanauza mia tisa". Hawauzi. Wameandika tu.

Kuna pia kitabu kinaitwa Blue Book of Gun Values, kinapanga bei kwa asilimia ya hali ya silaha, ni kizuri kwa silaha za zamani na kwa kujua modeli ni ipi, ila soko linaweza kukimbia mbele ya kitabu, kwa hiyo kitumie pamoja na minada.

Sasa duka. Mtu anapeleka bastola ya 400 dukani anapewa 220, anatoka anatukana. Lakini mwenye duka akikupa 400 anauza ngapi? Anahitaji kuiandika kwenye daftari lake la kisheria, kuikagua, kuiweka kabatini miezi kadhaa hela yake ikiwa imelala, kulipa kodi ya pango na bima, na akija mnunuzi naye atataka kupunguziwa. Ndo maana nusu mpaka kama asilimia 60 au 70 ya bei atakayouzia ni kitu cha kawaida. Unachouza pale ni urahisi: unaingia nayo, unatoka na hela, hukutani na mgeni yeyote. Kwa mtu asiye na muda au asiyependa kukutana na watu asiowajua mi nasema hiyo ni bei ya haki. Njia ya katikati ni kumwachia mwenye duka akuuzie kwa kamisheni, yeye anashughulika na wateja na fomu, wewe unasubiri.

Hali ya silaha, na kwa nini "iko vizuri" haisaidii

NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, walishaweka madaraja ya hali ya silaha na wanunuzi wenye uzoefu wanayatumia. Kwa za kisasa yanaanzia mpya, kamilifu, bora, nzuri sana, nzuri, halafu ya wastani. Ukiangalia utaona "nzuri" iko karibu na chini kabisa: ni silaha salama inayofanya kazi, ina kuchakaa kidogo sehemu zinazosuguana, haina kilichovunjika, wala kutu ya kuzuia kazi. "Nzuri sana" inataka isiwe na vishimo vya kutu kabisa, mikwaruzo midogo ya juujuu tu. Muuzaji anayeandika bora kwa kitu ambacho ni nzuri anajiharibia mwenyewe, mtu anaendesha saa mbili kuja kukiona, akifika anaona siyo, na kuanzia hapo kila utakachosema hakiamini hata kama ni kweli.

Mnunuzi anayejua anaangalia nini? Anafungua silaha na kuhakikisha haina risasi, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) tupu, magazini nje, hata kama wewe umeshamwonyesha. Halafu anamulika tochi ndani ya mtutu aone kama ile mifereji ya kuzungusha risasi bado ina kingo kali au imeliwa, kama kuna giza la kutu karibu na chemba. Kisha anafanya kitu ambacho wauzaji wengi hawakitarajii: anaangalia vichwa vya skrubu. Kama mifereji ya skrubu imechubuka na kutanuka basi kuna mtu aliwahi kuifungua kwa bisibisi isiyo sahihi, na aliyefungua kwa bisibisi mbaya huenda alifanya vibaya na mengine ndani. Anaangalia herufi zilizogongwa kwenye chuma, kama zimekuwa butu na kingo za chuma zimeviringika ujue ilisuguliwa ikapakwa rangi upya. Kwenye rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, atashika silinda aitikise taratibu aone inacheza kiasi gani, atavuta nyundo polepole aone silinda inajifunga kwa wakati kabla nyundo haijafika mwisho. Haya yote dakika tano tu, na kila alichokiona ni hela mezani kwako au kwake.

Kuchakaa nako kuna aina. Bastola nyingi zilizorudishwa na polisi zinapouzwa zina mikwaruzo ya kutosha nje kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba wa kiunoni kila siku, ila ndani zimepigwa kidogo, maana askari wengi wanapiga kwenye mazoezi tu. Kwa mtu anayetaka ya kutumia, hiyo ni bei poa kwa kitu kizima. Na kinyume chake ipo, silaha inang'aa nje lakini mtutu umekwisha. Kwa hiyo ukiuza, piga picha za ndani pia, piga picha ya mkwaruzo mbaya kuliko yote kwa karibu na uitaje mwenyewe, sababu kasoro uliyoitaja wewe kwenye tangazo haiwezi tena kutumika kukushusha mkikutana, bei yako tayari imeihesabu.

Uongo unaowagharimu watu

Wa kwanza: ya zamani ni ghali. Hapana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na shotgani za bei rahisi zilizotengenezwa kwa wingi mno, zikigongwa majina ya maduka ya vifaa vya ujenzi na ya kuagizia kwa posta, na nyingi bado zipo mpaka leo. Zina miaka zaidi ya mia, na bado ni mapambo ya ukutani ya hela ndogo, nyingine wala siyo salama kupigia risasi za kisasa. Kinachopandisha bei ni mchanganyiko wa uchache, hali ya asili na watu wanaoitaka. Umri peke yake haukai kwenye hesabu.

Wa pili: ukiing'arisha itapata bei. Huu ndo unaoniuma zaidi, manake madhara yake hayarudishiki. Chukua Winchester Model 70. Ilianza 1936, na mwaka 1964 kampuni ikabadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, wapenzi wa hiyo raifoli hawakuipenda mpya, kuanzia hapo zile za kabla ya 1964 zikawa na soko la peke yake. Sasa mtu amerithi moja ya kabla ya 1964 yenye rangi ya kiwandani iliyofifia vizuri na kitako chenye alama za umri, anaona aibu kuiuza ikiwa hivo, anaipeleka ikasuguliwe na kupakwa upya, kitako kinapigwa msasa na vanishi. Mkusanyaji akiiona anapunguza hela nyingi, mara nyingine nusu ya thamani imekwenda, na alilipia kuiharibu. Pangusa vumbi, paka mafuta kidogo ya kuzuia kutu, acha hapo.

Hivohivo namba. Bastola za Luger za Ujerumani zina namba zilizogongwa kwenye vipande vingi vidogo, zikilingana zote bei inapanda sana, kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine inashuka, na magazini ya awali yenye namba inayolingana ni nyongeza juu yake. Kabla hujabadilisha springi au pini kwenye silaha ya zamani, weka ya zamani kwenye bahasha, uiuze nayo.

Wa tatu: nimeweka darubini ya 300 na triga ya 150 kwa hiyo ongeza 450. Ni sawa na gari lililowekewa rimu na mziki mkubwa, anayenunua hakulipi ulichotumia, na wengine wanakupunguzia kwa sababu wanajiuliza limeendeshwa vipi. Triga iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana inamtia mnunuzi wasiwasi wa usalama kabisa. Rudisha vifaa vya kiwandani kama unavyo, uza darubini peke yake, utapata zaidi kwa jumla. Magazini za ziada za kiwandani ndo nyongeza inayolipa, pamoja na kasha, vitabu na risiti.

Wa nne: haitengenezwi tena kwa hiyo haishuki. Colt Python ilitoka 1955, uzalishaji ukaisha 2005, zilizotumika zikapanda bei mwaka hadi mwaka, kila mtu akaiona kama dhahabu. 2020 Colt wakaileta tena upya, ikitangazwa kwa dola 1,499. Mtu aliyekuwa anataka tu rivolva nzuri ya kupigia akaenda kuchukua mpya, wakabaki wakusanyaji kuzifuata zile za zamani zilizo safi ndani ya maboksi yake. Kiwanda kinaweza kubadili mawazo siku yoyote.

Na soko lenyewe lina misimu. Siasa inalitikisa vibaya mno. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook Desemba 2012, watu wakiogopa katazo jipya kama lile la raifoli za aina ya kijeshi la 1994 mpaka 2004, bei za AR-15, raifoli maarufu ya aina hiyo, na magazini zilipaa kwa wiki chache tu, halafu waliobaki nazo wakaziona zinashuka. Baada ya Trump kushinda uchaguzi wa Novemba 2016 hofu ya katazo ikaondoka na mahitaji yakaanguka. 2020 yakapaa tena. Aliyenunua kileleni anauliza "nilinunua 1,200 kwa nini nauza 700", na jibu ni kwamba soko halikumbuki ulicholipa. Raifoli za kuwindia zenyewe zina utulivu zaidi, zinatoka vizuri kabla ya msimu wa uwindaji wa vuli na zinadoda ukiisha.

Mkianza kupatana

Kabla ya tangazo amua namba mbili kichwani: unayoitaka na ya chini kabisa. Tuseme minada inaonyesha 400, hutaki kwenda chini ya 375. Andika 440. Nafasi ya asilimia 10 hivi inatosha, ukiweka 550 ukitegemea kushuka, wanunuzi wazuri hawapigi hata simu, wanaobaki ni wale wa kulalia bei ambao hupiga kila mtu.

Ujumbe wa kwanza utakuwa "bei ya mwisho ngapi?". Mi nashauri usiitaje, manake ukisema 375 hapo, mtu akifika anaanza kushusha kutokea 375. Mwambie bei ni iliyoandikwa, aje aione, mkiwa pamoja mtaongea. Mwenye nia atakuja. Akikutumia 250 bila maelezo hamna haja ya hasira wala kumfundisha adabu, jibu kwamba umeiona ila ni mbali sana, nyamaza. Wengine hurudi na hela ya maana siku mbili baadaye, na wangekuwa wametukanwa wasingerudi.

Mkiwa ana kwa ana, akisema 350 keshi, usikimbilie kukatisha katikati. Muulize ameihesabuje. Akisema mtutu, umulikeni pamoja. Akisema kuna duka linauza 380, angalieni wote kama ni modeli ileile na kama ina magazini tatu kama yako. Ukishuka, shuka kidogo na kwa sababu, 440 kwenda 420, kisha 405, hatua zinazopungua zinamwambia ukingo umekaribia bila wewe kusema. Mkikwama dola 20, ongeza kitu badala ya kutoa hela, magazini ya ziada au mkoba ambao kwako hauna kazi tena lakini yeye angeenda kuununua.

Jambo linalovunja mapatano mengi ni ada ya kupitisha kwa mwenye leseni. Mara nyingi ni dola 20 mpaka 50, miji mikubwa huzidi. Nani analipa? Limalizeni kabla ya bei, manake 400 ambayo ada analipa mnunuzi na 400 ambayo unalipa wewe ni bei mbili tofauti. Na hata kwenye jimbo ambalo sheria haikulazimishi, mi nasema pitia kwa mwenye leseni, tena kutaneni dukani kwake. Unapata mahali pa wazi pa kuonana, mtu anachunguzwa rekodi, na mauzo yanaingia kwenye daftari lake. Kumbuka kwa sheria ya 1986 serikali ya shirikisho haitakiwi kuwa na rejista ya jumla ya bunduki na wamiliki wake, ikiokotwa mahali pabaya wanafuatilia kutoka kiwandani, kwa msambazaji, dukani, mpaka mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa kwanza huenda ni wewe. Kama hukupitia duka basi uwe na karatasi ya mauzo yenye tarehe, modeli, namba ya silaha, majina na saini za wote wawili.

Kuna maneno ukiyasikia mazungumzo ya bei yanaishia hapo, haijalishi amefika ngapi. "Nakuongezea mia tusipite kwa mwenye leseni", kwenye jimbo linalolazimisha. "Siyo yangu, ni ya mshkaji wangu, yeye hawezi kununua." Hiyo ya pili ni kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa, na tangu 2022 ni kosa la shirikisho linalojitegemea, kifungo mpaka miaka 15. Mtu akikupa bei ya juu kuliko mpya dukani kwa sharti la haraka bila karatasi, jiulize hiyo hela ya ziada anailipia nini. Unafunga kasha, unaondoka.

Malipo, keshi mhesabu mkiwa dukani au benki. Hundi za benki zinaghushiwa sana, mkienda wote wawili benki kwake ikatolewa mbele yako ni sawa, ila ile iliyokuja kwenye bahasha subiri mpaka benki yako ithibitishe kwamba hela imeingia kweli.

Na mkiweka kianzio, andikeni kabisa mtafanya nini jibu la uchunguzi likichelewa au likiwa la kukataliwa. Jibu la "subiri" hutokea hata kwa watu wasio na tatizo lolote, jina tu limefanana na la mwingine, na kwa kawaida sheria ya shirikisho inatoa siku tatu za kazi, mnunuzi wa chini ya miaka 21 anaweza kusubiri mpaka kumi, na majimbo mengine yana muda wao mrefu zaidi. Muda huo wote silaha inakaa dukani kwa mwenye leseni, bei mliyokubaliana inabaki ileile hata soko likipanda wiki hiyo, na akikataliwa kianzio kinarudi kwake ukitoa ada ya duka, halafu ulizia dukani mapema, sababu huenda na wewe mwenyewe ukatakiwa kuchunguzwa kabla ya kurudishiwa silaha yako.